Msiba wa Shangazi

Mchinja kuku akifuga kuku wa kumbembeleza, watu watacheka tu, na watu wa soko lile walicheka mpaka wakachoka wenyewe. Taratibu hakuwajibu. Alisimama nyuma ya meza yake ya zege, aproni ya plastiki kifuani, kisu kwenye ala kiunoni, akawatoa kuku kwenye tenga mmoja baada ya mwingine kama alivyofanya tangu ujana wake. Jina lenyewe lilitokana na kazi hiyo. Wachinjaji wengine humkanyaga kuku mabawa na kumpeleka mbiombio, huku kuku anapiga makelele ya kuita serikali. Yeye alimkumbatia kwanza. Alimfunika macho kwa kiganja cha kushoto, akamwambia, "Taratibu, mama, taratibu," akasubiri mpaka mwili ulegee, ndipo mkono wa kulia ukashuka kiunoni kutafuta kisu. Kuku wake hawakurukaruka. Wateja walisema nyama ya Taratibu haina hasira.

Mkewe alikaa nyuma yake kwenye kigoda, mbele ya sufuria la maji ya moto, akinyonyoa. Walimwita Mama Manyoya. Zamani walimwita kwa jina la binti yake, kama anavyoitwa mama yeyote, lakini binti alipofariki watu wakaanza kubabaika. Huyu alimwita dada, yule shoga, mwingine alikohoa kwanza ndipo aagize kuku. Mwishowe muuza ndimu wa kibanda cha jirani, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akamtungia hilo la Manyoya, likashika. Mama Manyoya alimshukuru kimoyomoyo. Afadhali utaniwe kuliko kuangaliwa kwa huruma na mtu unayetaka kumuuzia kuku.

Binti alikuwa mtoto wao wa pekee. Aliugua ugonjwa wa mifupa ulioanzia mguuni, ukapanda, ukamlaza hospitali, na jioni moja ukammaliza akiwa bado na umri wa kuruka kamba. Mama yake alikuwa naye. Baba yake hakuwepo. Alikuwa chumbani mchana kutwa, kisha mkewe aliporudi kutoka kuchota maji ya kunywa akapishana naye mlangoni, anatoka mbio, hasemi kitu, na hakuonekana tena mpaka mambo yalipokwisha. Walimkuta getini, amekaa kwenye ukingo wa mtaro, mikono ameifumbata kwapani kama mwenye baridi, na hakukuwa na baridi. Baada ya mazishi, wageni wengine wakiwa hawajaondoka, akajifunga aproni akarudi sokoni. Hakulia makaburini, hakulia nyumbani, hakulia popote ambapo mkewe alimwona.

Mama Manyoya hakumuuliza. Kile kidonda alikiweka mahali akakitunza. Walifanya kazi pamoja, wakala pamoja, wakalala kitanda kimoja, kila mtu amegeukia upande wake. Majirani waliwasifu kwamba hawagombani. Hawakujua kwamba ziko nyumba ambazo hazina ugomvi kwa sababu hakuna anayethubutu kuuanza.

Hiyo ndiyo nyumba aliyoingia yule kuku.

Miezi kadhaa ilikuwa imepita tangu mazishi. Siku hiyo Mama Manyoya alinyoosha mkono kupokea kuku wa kunyonyoa, akaona hapewi kitu. Kugeuka, akamwona mumewe ameshika kuku wa kahawia, kiganja kiko machoni, na mkono wa kulia umesimama hewani. Mteja akaguna. Taratibu akamweka yule kuku chini ya meza, akachukua mwingine, akaendelea na kazi kama kawaida. Jioni alimbeba nyumbani ndani ya kapu la vitunguu.

"Huyo wa nini?" mkewe aliuliza.

"Kesho," Taratibu alisema.

Kesho ikawa kesho kutwa, kesho kutwa ikawa mtondo, na mwaka ukapita, ukaja mwingine, kuku yumo ndani.

Mama Manyoya ndiye aliyempa jina la Shangazi, na hakumpa kwa mapenzi. Kuku yule aliingia bila hodi, akakagua masufuria, akalalamika kwamba amepewa kidogo, halafu hakuondoka. Kishungi chake kililala upande mmoja kama kofia ya mlevi. Kutaga alitaga juu ya nguo zilizokunjwa, na kama hakuna zilizokunjwa, alisubiri zikunjwe. Jioni Taratibu alipovua viatu, Shangazi alimpanda mguuni, akajikunyata, akafumba macho kwa hiari yake. Na mwanaume yule, ambaye mikononi mwake wamepita kuku wasiohesabika, alikaa hapo mguu umekufa ganzi, hathubutu kuusogeza. Alimsimulia habari za siku nzima: mteja mkorofi, tenga lililovunjika, mvua iliyopita pembeni. Kuku alijibu kwa koo.

"Kumbe maneno unayo," mkewe alimwambia siku moja, akimtazama kwa jicho la pembe.

Taratibu alicheka kidogo, akarudi kumpapasa kuku.

Hata hivyo tusimsingizie Mama Manyoya. Alimzoea. Alimtengea makombo bila kuambiwa na mtu, na alipomfukuza kwenye nguo alimfukuza kwa kitambaa, si kwa ufagio.

Kisha Shangazi akaacha kutaga. Alisimama uani kama mtu aliyesahau alichofuata, mkia umeshuka, tumbo limejaa na kuning'inia. Akaacha na kulalamika, na hapo ndipo Mama Manyoya alipojua kwamba jambo ni kubwa. Taratibu akamwita daktari wa mifugo, kijana mchangamfu mwenye pikipiki. Daktari alimpapasa kuku tumboni, akamgeuza, akamnusa, uchangamfu wote ukamwishia.

"Mzee, mayai yamepasukia ndani yakaoza. Dawa ninazo, naweza kukuuzia, lakini nitakuwa nakuibia tu."

"Anasikia maumivu?"

"Sana." Daktari alifunga mkoba wake. "Ila wewe una bahati. Mwingine angenibembeleza nimmalizie. Wewe si ndiye Taratibu? Kwako hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua."

Alicheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake, akawasha pikipiki.

Jioni hiyo Taratibu alikaa kwenye ngazi ya mlango wa uani, kisu pembeni yake, kuku mapajani. Mkewe alikuwa jikoni akichambua mchele, na kutoka pale aliweza kuwaona wote wawili. Alimwona anamfunika kuku macho. Alisikia, "Taratibu, mama, taratibu." Aliona shingo ya Shangazi inalegea, kichwa kinaegemea kiganja. Akaangalia mchele wake ili asione kitakachofuata. Alichambua mpaka mchele ukawa hauna hata chuya moja. Alipoinua macho, mumewe alikuwa anamrudisha kuku kwenye beseni, ambalo alikuwa amelitandikia shati lake la kutokea, lile jeupe la harusi za watu.

"Kesho," Taratibu alisema.

Kesho yake mambo yakawa yaleyale: ngazi, kisu, kiganja, na mwisho wake beseni. Na jioni iliyofuata vilevile. Shangazi alihema mdomo wazi. Maji alipewa kwa kijiko yakamtoka upande. Asubuhi walimkuta amejikokota kutoka kwenye beseni mpaka kizingitini, na huko amechoka, amelala na bawa moja limefunguka vibaya. Mama Manyoya alishindwa kuvumilia.

"Mchinje basi, baba," alisema. "Kiumbe kinateseka hiki. Kama unampenda mpumzishe."

"Najua."

"Sasa unangoja nini? Kuku wa watu kila siku unawachinja wala mkono hautetemeki."

"Huyu siwezi."

"Basi nipe mimi hicho kisu. Sijawahi, lakini nitajikaza."

Taratibu alilivuta beseni upande wake kwa nguvu mpaka maji ya kijiko yakamwagika. "Usimguse!" alisema, na sauti yake ilikuwa na hofu ambayo mkewe hakuielewa. Alichoelewa yeye ni kwamba amefokewa kwa sababu ya kuku. Akarudi jikoni, akafunika vyungu ambavyo vilikuwa vimefunikwa tayari.

Shangazi alikufa asubuhi nyingine, Taratibu anafunga kamba za aproni. Hakufa vizuri. Wapo watakaosema kuku ni kuku, anazimika tu kama taa. Hao hawajawahi kukaa na kuku mgonjwa. Alitupa miguu, akanyoosha shingo, akatoa sauti ambayo haikuwa ya kulalamikia chakula. Taratibu alipiga magoti mbele ya beseni, mikono ameiinua, anataka kumshika na hamshiki, mpaka yule kuku akatulia mwenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona tangu waoane. Akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zinashuka, mabega yanampanda na kushuka, na mlango uko wazi na majirani wanapita.

Mama Manyoya alisimama na chupa ya chai mkononi. Kitu cha kwanza kilichomjia, na tusimfichie, haikuwa huruma. Ilikuwa hasira. Kumbe machozi anayo. Kumbe alikuwa ameyawekea akiba, na aliyewekewa ni kuku. Akaweka chupa chini, akachukua funguo za kibanda, akaondoka bila kuaga.

Sokoni matenga yalikuwa yameshafika, kuku wanasukumana ndani, na wateja wa mwanzo wamesimama na vikapu. Mama Manyoya hakuwa na njia ila kwenda kumwomba mchinjaji wa upande wa pili, yule wa kukanyaga mabawa, amsaidie. Jamaa alikuja akijidai, akapiga kazi kwa fujo. Kelele zikajaa kibanda ambacho watu walikizoea kwa ukimya wake. Wateja walinung'unika. Mmoja akaondoka kabisa.

"Fundi wetu leo yuko wapi?" muuza ndimu aliuliza.

"Leo haji."

"Haji, ana nini? Jana nilimwona mzima wa afya."

Mama Manyoya hakuwa hodari wa kusema uongo, na siku hiyo hakuwa hata na nguvu ya kujaribu. "Kuku wake amekufa."

Muuza ndimu alimtazama ahakikishe kama ni kweli. Kisha akapiga makofi. "Jamani njooni msikie! Mchinja kuku yuko msibani! Marehemu ni kuku! Nani atakwenda kumfariji? Hawa hapa kwenye tenga ndio ndugu wa marehemu, waulizeni kama watakwenda kuzika!"

Watu walivunjika mbavu. Hata yule mchinjaji wa fujo alisimamisha kisu ili acheke vizuri. Mama Manyoya mwenyewe alihisi kicheko kinampanda, kisha kikageuka njiani. Aliinamia sufuria lake, mvuke ukampiga usoni, ikawa afadhali kwa sababu chini ya mvuke mtu hajulikani anafanya nini. Alinyonyoa kuku wenye mabawa yaliyovilia damu, na manyoya yakamnata mpaka kwenye viwiko.

Kutwa nzima alipanga maneno. Yalikuwapo maneno ya binti yao ambayo hakuwahi kumfikishia baba yake. Aliambiwa ayafikishe, hakuyafikisha. Alijiambia kwamba aliyeyataka angekaa kwenye kile kiti cha chuma kando ya kitanda akayasikia kwa masikio yake. Aliyaweka kama mtu anavyoweka jiwe mfukoni, kwa siku ambayo atalihitaji. Leo, alisema moyoni, leo atayapata yote.

Jioni, nyumbani, alimkuta nyuma ya bafu, kwenye kiwanja kidogo kilichobaki kati ya ukuta na tangi la maji. Udongo ulikuwa umefukuliwa na kushindiliwa upya. Taratibu alikaa chini kando yake, bado amevaa aproni, hajala, mikono ina udongo mpaka kwenye kucha.

"Nimemzika na lile shati," alisema.

"Umemaliza kulia, au bado?"

Taratibu alisawazisha udongo kwa kiganja.

"Nakuuliza wewe! Kwa sababu kwa mwanao sikuona chozi. Hata moja, baba. Udongo wake haujakauka ukajifunga aproni ukaenda kazini, nikasema sawa, labda ndivyo roho yake ilivyoumbwa. Kumbe roho unayo! Kuku ndiye wa kuachiwa kazi. Kuku ndiye wa kuliliwa mpaka majirani wakachungulia. Leo soko zima limenicheka."

Taratibu alishika kichwa. Sauti ya Mama Manyoya ilikuwa imetulia, maana sasa amefika pale alipotaka kufika.

"Na unajua alisema nini? Hujui, kwa sababu hukuwepo. Niliporudi na maji nilimkuta anaangalia mlango. Akaniambia, 'Baba alinifunika macho, maumivu yakatulia. Mwambie arudi anifunike tena.' Nikatoka kwenye korido kukutafuta. Nikaita. Hupo. Nikarudi nikamfunika mimi, na mkono wangu huu huu uliomlea, unajua aliniambia nini? 'Siyo hivyo, mama.' Mimi, niliyemzaa! 'Siyo hivyo.' Akaendelea kuangalia mlango. Alikungoja wewe mpaka alipoacha kungoja."

Aliyasema, akasimama aone yanavyomwangusha.

Taratibu alinyanyua uso. Ulikuwa na michirizi ya udongo. Alimtazama mkewe muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma kitu kilicho mbali.

"Alisema tena?"

"Nini?"

"Hilo neno. Nimfunike tena. Alilisema, au unaliongeza wewe?"

"Nimwongezee marehemu maneno? Alilisema."

"Hakuwa anaogopa?"

"Aogope nini? Una wazimu? Amwogope baba yake?"

Taratibu aliangalia mikono yake. Aliigeuza, viganja juu, kisha chini. Alipoanza kusema alisema kwa ile sauti ya jioni, ile ambayo mkewe alikuwa akiisikia tu kutoka jikoni, anaongea na kuku.

"Ulipokwenda kuchota maji, maumivu yalimbana. Aliuma shuka. Nikamkimbilia nesi, nesi mwenyewe machozi yanamlenga, akaniambia dawa ameshapewa yote anayoweza kupewa, tungoje ifanye kazi. Nikarudi. Sikujua nifanye nini, mama. Nikamfunika macho. Sikufikiri, nilimfunika tu, nikamwambia taratibu, mama, taratibu. Akatulia. Alitoa pumzi moja ndefu, akalegea mwili wote, kichwa akaniegemezea hapa." Aligusa kiganja chake cha kushoto. "Na huu wa kulia ukaondoka."

"Ukaenda wapi?"

"Kiunoni. Kutafuta kisu."

Mama Manyoya aliutazama ule mkono.

"Kisu hakikuwepo, nilikuwa na nguo zangu za kawaida. Lakini ulikwenda. Sikuutuma. Nimeutuma maisha yangu yote mpaka umezoea kujiendea wenyewe. Namwona mwanangu amelegea kwenye mkono huu, na mkono huu mwingine unapapasa kisu. Nikasema, nikikaa hapa, sijui mikono hii itafanya nini. Nikakimbia. Nikaibana kwapani. Nilikaa pale getini nimeibana mpaka mlipokuja kuniambia."

"Na sokoni? Mbona ulirudi?"

"Kule mkono ukienda kutafuta kisu unakikuta. Unafanya kazi yake, basi. Mimi niliuogopa huku nyumbani. Niliogopa hata kukuwekea begani." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono, udongo ukamwongezeka usoni. "Nilijua aliona. Nilijua mtoto ameuhisi ule mkono unaondoka, akajua kile kinachofuata, maana alikuwa akija pale mezani tangu mdogo. Nilijua amekufa ananiogopa. Ningeliaje? Ningemlilia kwa uso gani?"

Mama Manyoya alijikuta ameshika tangi la maji.

"Na kuku?" aliuliza, na sasa hakuuliza kwa hasira.

"Yule kuku alitoa ile pumzi. Wamepita wengi, sijawahi kuisikia kwa kuku, yeye aliitoa, ndefu vilevile. Mkono ukasimama. Ukakataa kwenda. Unajua nilifurahi? Nilisema kumbe unaweza kukataa. Ndiyo nikamchukua, ili kila jioni nimwone na nijue kwamba ulikataa. Sasa alipougua nikauomba usikatae. Nikauomba mara hii tu. Ukakataa. Ameteseka vile kwa ajili yangu, mama. Alitakiwa kwenda polepole, alikuwa na haki hiyo kuliko kuku wote niliowahi kuwashika, na mimi ndiye niliyemnyima."

Mama Manyoya akakaa. Alikaa palepale kwenye tope la maji ya bafu, na gauni lake la kazi, na manyoya yake mikononi. Maneno aliyoyaleta ili yamchome mumewe yalikuwa dawa. Kumbe alikuwa ameifungia kabatini muda wote huo, mgonjwa akiwa chumba hichohicho. Mtoto hakuogopa. Mtoto alitaka arudi. Jambo hilo yeye alilijua tangu jioni ileile, tangu kabla ya mazishi, na angeweza kulisema wakati wowote, mezani, kitandani, njiani kwenda sokoni.

"Nilikunyima makusudi," alisema. "Usije ukadhani nilisahau. Nilitaka ukae na njaa."

Taratibu hakumwambia kwamba si kitu, maana ilikuwa kitu. Aliinamisha kichwa na kifua chake kikawa kinapanda na kushuka, na kwa muda mkewe alidhani atasimama aingie ndani, na kwamba akiingia ndani leo hawatazungumza tena mpaka mmoja wao amzike mwenzake. Alitaka kumwomba msamaha, akaona neno lenyewe ni dogo mno kwa mzigo uliopo. Akangoja.

"Sema tena," Taratibu alisema.

"Baba alinifunika macho, maumivu yakatulia. Mwambie arudi anifunike tena."

"Sasa nisimulie yote. Tangu nilipotoka. Sijui chochote cha baada ya hapo, mama. Sikuwahi kujua alikufaje."

Hivyo Mama Manyoya akaanza tangu mlango ulipojifunga. Alimweleza kuhusu jagi la maji na kikombe kilichopasuka ukingo. Alimweleza jinsi binti alivyoomba dirisha lifunguliwe, na namna alivyouliza kama kule sokoni ni siku ya kuku wengi. Alimweleza pale mguu ulipopoa, na yeye akaufunika na kuufunika kama mjinga. Mahali pengine alishindwa kuendelea, na mumewe akasubiri bila kumharakisha. Alipofika mwisho alimkuta Taratibu analia tena, lakini safari hii alikuwa amejilaza kwenye paja lake, na mkono wa kulia, wenye udongo, umeshika upindo wa gauni lake. Naye alilia. Alilia machozi ambayo alidhani aliyamaliza siku ya mazishi, na kumbe yale yalikuwa ya mtu mmoja tu.

Kesho yake kibanda hakikufunguliwa. Wala kesho kutwa. Walitandika mkeka uani, wakakaa, wakiongea kidogo na kunyamaza sana. Wakati mwingine walimtaja binti, wakati mwingine Taratibu alimtaja Shangazi, jinsi alivyowahi kumwibia samaki sahanini, na wote wawili wakacheka huku wanajifuta. Habari zilienea sokoni kwamba sasa ni mke na mume, wamefunga kazi, wanaomboleza kuku. Wachekaji walipata cha kuchekea.

Muuza ndimu alishindwa kujizuia, akaja kujionea. Alianza kelele akiwa bado nje. "Hodi wafiwa! Tumesikia habari za marehemu Shangazi, tumekuja kula ubwabwa wa msiba!" Akasukuma mlango wa uani, meno yote nje, mfuko wa ndimu mkononi. Akawakuta wameegemea ukuta mmoja, bega kwa bega, macho yamewavimba.

"Poleni na msiba," alisema, kicheko bado kinamtoka kidogo kidogo, kwa sababu kicheko kikishaanza hakikatiki papo hapo.

"Tumeshapoa," Mama Manyoya alijibu, kama watu wote wanavyojibu. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, shoga. Bado hatujapoa. Karibu ukae."

Muuza ndimu aliwatazama. Alimtazama Taratibu, akamtazama Mama Manyoya, akaona wamepeana mikono juu ya mkeka. Akaweka ndimu zake chini, akavua kandambili, akakaa, wala hakuuliza wanamlilia nani.